Mla cha mwenzie na chake huliwa

Ndugu zangu, kila mwaka waandishi wa Afrika hupanda ndege kwenda kunolewa kwa fedha za serikali za watu. Marekani ilianzisha mpango wa Edward R. Murrow mwaka 2006. China, tangu 2014, huwakaribisha wenzetu Beijing kwa miezi kadhaa. Simkatazi mtu kwenda. Tembea uone! Ninachouliza ni hiki: anarudi na nini?

Beijing mgeni hukuta mitambo ya kisasa na nidhamu ya kazi. Lakini Xinhua ni shirika la serikali. Februari 2016 Rais Xi Jinping alivitembelea vyombo vikuu vya habari na kuvitaka viwe watiifu kwa chama. Huko mwandishi mzuri ni yule anayehamasisha. Anayechokonoa je? Kwa miaka mingi China imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuwafunga waandishi.

Marekani mgeni hufundishwa kwamba katiba yao, tangu 1791, inalizuia Bunge kutunga sheria ya kubana uhuru wa magazeti. Somo zuri hilo. Lakini Machi 2025 serikali ya Rais Trump iliwaambia wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa Sauti ya Amerika wakae nyumbani. Mwenye fedha alifunga mkono, redio ikanyamaza.

Hapa kwetu tunajua kunyamazishwa. Mwaka 2017 Mawio na MwanaHALISI yalifungiwa, na leseni hazikurudi hadi 2022. Kigogo anayefungia gazeti humpenda sana mwandishi anayerudi kutoka ng'ambo akiimba kwamba kazi ya gazeti ni kusifia maendeleo.

Basi mwandishi na arudi na ufundi: kupiga picha, kuchambua takwimu, kuhakiki habari. Utiifu kwa mwenyeji auache uwanja wa ndege. Na akiandika juu ya nchi iliyompeleka, aseme wazi mwanzoni kabisa: tiketi, malazi na posho nimelipiwa na fulani. Hiyo si aibu. Aibu ni kuficha.

Nawe msomaji una kazi. Ukisoma makala inayoisifia nchi ya watu kuanzia reli mpaka maua ya barabarani, tafuta mstari unaosema nani kalipa. Usipouona, mwandikie mhariri umuulize. Gazeti umelinunua kwa fedha yako, jibu ni haki yako.