Ulinzi wa Mtaa na Vijana Wake: Hotuba katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Historia ya usharika wa mjini haiwezi kuandikwa pasipo kutaja usiku wa mitaa yake. Temeke na Kinondoni zilikua upesi kuliko barabara, taa na vituo vya polisi. Na penye uchochoro usiopitika kwa gari, doria ya polisi huishia barabarani. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 30 wakazi wameitwa, tena na tena, kulinda pamoja na polisi.

Chimbuko la mwito huo si la pwani. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi. Sheria ya mwaka 1989 iliwapa uwezo wa kukamata kama mgambo, na mwaka 1990 doria za namna hiyo zikaanzishwa Dar es Salaam. Kijijini mlinzi alimjua mwizi, baba yake na ukoo wake. Manzese au Mbagala, mpangaji huhama kabla jirani hajalijua jina lake. Jambo hilo moja liliibadili kazi yote.

Mwaka 1997 Jiji, likisaidiwa na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lilianzisha mpango wa kuufanya mji uwe salama. Huko Manzese, wakati ule ikiwa bado Kinondoni, wanawake walipita vichochoro vyao wakionyesha mahali wanapoogopa kupita. Ni ajabu kwamba hawakuulizwa mapema zaidi. Kisha, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeteuliwa mwaka 2006, ukaja mpango wa Polisi Jamii, na doria za wakazi zikajulikana kama ulinzi shirikishi.

Doria hizi hazikuzorota kwa kukosa mashujaa. Zilizorota kwa kukosa michango. Kaya hutoa fedha kidogo kila mwezi. Ujambazi ukipungua, na walipaji hupungua. Walinzi, ambao aghalabu ni vijana wasio na ajira, huacha kazi, na wezi hurudi.

Lakini upo ugonjwa mkubwa kuliko huo. Imani kwa polisi na kwa mahakama inapokwisha, kelele ya "Mwizi!" hugeuka kuwa hukumu. Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 mitaa mingi ya jiji ilifunga milango kwa hofu ya vijana walioitwa Panya Road. Vijana wale walikuwa wametoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na watu kwa tuhuma za wizi. Magazeti yamezoea kuwaita wauaji wa aina hiyo "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni cheo. Mwaka 2022 makundi ya jina lile lile yalirudi na mapanga. Mwezi Septemba mwanafunzi wa chuo aliuawa nyumbani kwao Kawe. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, akaagiza ulinzi shirikishi uimarishwe upya.

Washarika wapendwa, wengi wa waliokamatwa katika misako ile walikuwa vijana wadogo. Hawakutoka mbali. Mzee wa Kanisa anayelipa mchango wa ulinzi mwezi huu huenda ndiye baba wa kijana atakayekimbizwa mwezi ujao. Kwa hiyo hapana budi michango hiyo iendane na daftari: majina ya walinzi yajulikane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa polisi wa kata, na kila anayekamatwa aandikwe jina, saa, na kituo alikofikishwa. Mchungaji na shehe wa mtaa wanaweza kulikagua daftari hilo pamoja. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Kelele zikipigwa saa nane usiku, anayefika kwanza ni jirani. Gari la polisi huja baadaye, na mara nyingi katika dakika zile za katikati ndipo huamuliwa kama kijana atapelekwa kituoni au makaburini.