Mpira wa majirani: vijana wetu wacheze kwa jina la wapi?

(Hotuba kwa familia zilizohamishwa, familia zilizozipokea na viongozi wa mitaa, Kituku, Goma)

Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu za soko na za ziwa ili mje kutusikiliza. Tutazungumza juu ya mpira, na tunaomba mtu asidhani kwamba ni jambo dogo.

Mnajua kilichotuleta hapa. Vijana wameomba mashindano ya mpira. Walipoanza kuandika majina, kila mmoja alitaka kuichezea wilaya alikotoka: timu ya Masisi, timu ya Rutshuru, timu ya Nyiragongo, timu ya wale waliovuka ziwa kutoka Minova, na timu ya wenyeji wa Goma. Shefu mmoja akaona ni sawa. Wazee wengine wakasema heri tuache kabisa, maana mpira umekwisha kuua watu katika mkoa huu. Sisi wa kamati ya amani tuliombwa kutoa maoni, na leo tunayatoa.

Tuanze na woga wa wazee, kwa sababu una msingi. Tarehe 14 Septemba 2008, kule Butembo, timu mbili za mji ule ule zilikutana: Nyuki System na Socozaki. Katikati ya mchezo, mlinda lango wa Nyuki alishtakiwa kwamba anafanya uchawi uwanjani. Wachezaji wakapigana. Afisa wa polisi alipojaribu kuwatenganisha, mashabiki wakamrushia mawe. Polisi wakafyatua gesi ya machozi, na watu wote wakakimbilia milango kwa mara moja. Habari za siku zile zilitaja watu 13 waliokufa, wengi wao watoto na vijana. Miaka sita baadaye, tarehe 11 Mei 2014, ikawa hivyo hivyo Kinshasa, katika uwanja wa Tata Raphaël, V. Club ilipocheza na TP Mazembe: mawe, gesi, msongamano, na watu 15 wakafa.

Tumeyafikiria sana mambo haya mawili. Wengine bado husema kwamba kule Butembo ni dawa ya mlinda lango iliyoua. Sisi hatukubali. Watoto wale walikanyagwa. Walikanyagwa kwa sababu gesi ilitupwa penye watu wengi na njia za kutokea zilikuwa chache. Ushindani ulileta ghadhabu, ndiyo, lakini ghadhabu peke yake ingeisha kwa matusi na macho kuvimba. Basi mzee anayeogopa mpira tunamwambia: baba, una haki kuogopa, lakini ogopa mlango mwembamba kuliko unavyoogopa jezi.

Sasa tuje kwenye jina. Je, ni vibaya jirani kushindana na jirani? Sisi tunaona si vibaya. Ushindani mtamu kuliko yote ni ule wa karibu. Bukavu wana Bukavu Dawa na Muungano, na siku hizo mbili zikikutana, mji hugawanyika katikati ya nyumba. (Inachekesha kwamba timu yenye jina la Muungano ndiyo inayougawa mji, lakini wenyewe wamezoea.) Dar es Salaam wana Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 kwa kujitenga na Yanga. Watanzania huziita timu hizo watani wa jadi. Neno hilo lina hekima yake. Mtani si adui. Mtani ni mtu ambaye una ruhusa ya kumcheka na yeye ana ruhusa ya kukucheka, tena mbele ya watu, na ukifiwa anakuja msibani.

Nairobi wana jambo linalotugusa sisi zaidi, kwa sababu kule kabila limo ndani. Gor Mahia, ya mwaka 1968, mashabiki wake wengi ni Wajaluo. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na mashabiki wake wengi ni Waluhya. Makabila hayo ni majirani huko magharibi mwa Kenya na huoana sana, ndiyo maana mchezo wao unaitwa mchezo wa mashemeji. Mwaka 1980, wakati serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina likabadilika. Mashabiki je? Walibaki wale wale, na mawe na viti vilivyovunjwa vimeonekana hata baada ya hapo. Kwa hiyo viongozi wetu wasifikiri kwamba wakiifuta timu ya Masisi kwenye karatasi na kuiita Simba wa Kituku, kazi imekwisha. Kama wachezaji 11 wote ni wa kilima kimoja, watu wataijua tu.

Tuwapeleke mbali kidogo, hadi Ireland, kisiwa cha Ulaya ambacho nacho kilitawaliwa na wageni na kikajua vita vya ndugu. Huko wana michezo yao ya jadi: mpira ambao mtu anaupiga kwa mguu na kuushika kwa mikono pia, na mwingine uitwao hurling, unaochezwa kwa fimbo na kampira kadogo kagumu. Chama kinachoisimamia michezo hiyo, Gaelic Athletic Association, kilianzishwa mwaka 1884. Wachezaji hawalipwi mshahara. Wanachezea kijiji chao, na walio hodari zaidi wanachezea kaunti yao. Kaunti ziko 32, na majirani hushindana vikali: Cork na Kerry, Kilkenny na Tipperary. Ajabu ni kwamba mipaka ya kaunti hizo ilichorwa na utawala wa Waingereza kwa ajili ya kazi zao za serikali. Halafu wananchi wakaichukua ile mistari ya mkoloni, wakaipenda, wakaishonea jezi. Sisi pia tuna wilaya sita katika Kivu Kaskazini, Beni, Lubero, Masisi, Nyiragongo, Rutshuru na Walikale, na mistari yake ilianza na karatasi za Wabelgiji. Kumbe mtu anaweza kuupenda mstari bila kumwaga damu juu yake.

Mwaka 1922 hadi 1923 Waireland walipigana wao kwa wao, na Kerry ni mojawapo ya sehemu zilizoumia vibaya zaidi. Ndugu waliuana, wafungwa waliuawa. Lakini mwaka 1924 timu ya Kerry ilikuwa na Con Brosnan, aliyekuwa kapteni katika jeshi la serikali, pamoja na John Joe Sheehy, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa upande wa pili na aliyetafutwa na jeshi lile lile. Husimuliwa kwamba Brosnan alimhakikishia Sheehy kuwa hatakamatwa siku ya mchezo. Sheehy alitoka katikati ya watazamaji, akacheza, akarudi akapotea katikati ya watazamaji. Wakalitwaa kombe la nchi nzima la mwaka ule pamoja.

Tusiitie chumvi hadithi hii. Mpira haukuimaliza siasa yao. Chuki ya pande zile mbili iliendelea kwa miaka mingi katika uchaguzi na hata mezani kwa watu. Tena chama hicho chenyewe, hadi mwaka 2001, kilikuwa na sheria ya kuwakataza polisi wa Ireland ya Kaskazini na askari wa Uingereza kuwa wanachama. Maana yake mpira uliwaunganisha waliokuwa tayari kujiona watu wamoja, na kwa wengine mlango ulibaki umefungwa muda mrefu. Tunalisema hili kwa sababu tumesikia wageni wengi wakija Goma na mipira mipya na kusema mpira utaleta amani. Mpira utaleta watu. Watakachofanya wakishafika, hilo linategemea sisi tuliowaita.

Lakini kuna sehemu ya habari ya Waireland ambayo wanaohamishwa wanaielewa haraka. Wengi wao walilazimika kuhama nchi, wakaenda London na New York. Huko walianzisha vilabu, na katika New York vingine vina majina ya kaunti za nyumbani mpaka leo. Mtu wa Sligo aliye mbali hakuacha kuwa mtu wa Sligo. Lakini London ina timu moja, na New York ina timu moja, zinazoingia katika mashindano makubwa pamoja na kaunti za nyumbani. Ndani ya jezi moja unamkuta mtoto wa kaunti hii na wa kaunti ile ambao baba zao walikuwa wakitukanana kila kiangazi. Aprili 2023 New York iliifunga kaunti ya Leitrim, ushindi wake wa kwanza kabisa katika mashindano hayo. Jezi ya mahali walipofikia iliwashindia, na hakuna aliyedai kwamba wamekana kwao.

Turudi Kituku. Je, tufanye kama New York, timu za nyumbani kwanza na timu ya pamoja baadaye? Katika nchi yenye utulivu tungesema ndiyo. Hapa tunasema hapana, si sasa. Jina la Rutshuru au la Masisi ni zuri, ni la mama zetu na mashamba yetu. Lakini katika vita hivi watu wamejifunza kulisikia jina la mahali kama jina la kabila, na jina la kabila kama jina la upande wenye bunduki. Tukiandika timu ya Rutshuru dhidi ya timu ya Masisi, kijana akikosea penalti atasikia nyuma yake maneno ambayo hayahusu penalti. Hatutaki kumbebesha mtoto wa miaka 15 mzigo huo. Tangu kambi nyingi za kuzunguka Goma zilipobomolewa Februari 2025, familia zilizobaki bila kurudi kwao zimetawanyika ndani ya nyumba za wenyeji, na usalama wao unategemea sana jinsi jirani anavyowaona.

Basi pendekezo letu ni hili: kijana achezee mahali anapolala. Anayelala Kituku achezee Kituku, hata kama alifika jana kwa boti. Anayelala mtaa wa pili, achezee huko. Mitaa ishindane kwa nguvu zote, tunataka sana ishindane. Na kila timu iwe na wageni na wenyeji uwanjani kwa wakati mmoja, wala wageni wasiachwe benchi hadi dakika ya mwisho ili kuonyesha tu. Kapteni akiwa mwenyeji, msaidizi wake awe aliyehamishwa, au kinyume chake. Hapo ndipo mwenyeji atamshangilia mtoto wa Minova kwa faida yake mwenyewe, na furaha ya namna hiyo haihitaji semina.

Utani uruhusiwe. Vijana waimbe, wacheke mlinda lango anayeshika hewa, wacheke miguu ya mshambuliaji, wamcheke kocha na tumbo lake. Lakini tunaomba viongozi watangaze mapema, kwa sauti, kwamba pua ya mtu haichekwi, lugha yake haichekwi, kilima chake hakichekwi, wala haulizwi atarudi kwao lini. Shabiki akivunja neno hilo, timu yake ipoteze pointi. Tumejadili kama adhabu hiyo ni kali mno. Tumeona ni afadhali, kwa sababu wenzake ndio watakaomnyamazisha, na wao anawasikia kuliko sisi.

Juu ya dawa, kila timu itasema haina, na kila timu itasema ile nyingine inayo. Hatutapoteza wakati kupekua mifuko. Mwamuzi atoke mbali na mitaa inayocheza, na neno “mchawi” likitamkwa uwanjani mchezo usimame, manahodha wote wawili waitwe katikati, kabla mtu hajainua jiwe. Na mawe hapa ni mengi, mnajua, udongo wetu wenyewe ni lava. Kabla ya siku ya kwanza tuokote yale makali, kwa ajili ya magoti ya watoto na kwa ajili ya mikono ya mashabiki.

Mwenye silaha asiingie, wa upande wowote, hata akija kama shabiki tu. Watu waache njia mbili pana wazi, pasiwe na muuzaji wa beignets wala pikipiki iliyoegeshwa hapo. Mchezo umalizike jua likiwa bado juu, ili familia zirudi nyumbani mwanga ukiwapo. Wasichana wana timu zao pia, na mama mmoja alitukumbusha jambo ambalo wanaume hatukuliona: tukiweka mchezo wao asubuhi, ndiyo saa wanayoteka maji ziwani, hakuna atakayekuja. Tumeuhamishia alasiri, na tunawaomba akina kaka wabebe madumu siku hiyo.

Kombe lisiwe la pesa. Tumeahidiwa mbuzi. Kama mbuzi huyo ataliwa na washindi peke yao au na timu zote mbili, hilo tumewaachia wazee waamue, na tunajua tayari hawakubaliani.

Sasa tunapokea maswali, na tunaomba akina mama waanze.