Uwatu Nao Uandikwe

Ndugu Mwenyekiti wa waganga, Mganga Mkuu wa Wilaya, wazee wangu, ndugu wananchi wa Tanga,

Nashukuru kwa kunialika mimi, mfamasia mstaafu, leo tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Waganga, risala yenu nimeisikia. Mmesema sisi wa hospitali tunawadharau. Ni kweli, na dharau hiyo imetuponza sote, maana mgonjwa anayejua atafokewa huficha anachokunywa.

Siku moja aliletwa hospitalini mama mmoja, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka. Vidonge vyake vya kisukari alimeza kama alivyoandikiwa. Tukamuuliza mwanawe: kuna dawa nyingine? Hakuna. Mama alipotundikiwa dripu akapata nafuu, akasema mwenyewe: "Nakunywa uwatu tu, asubuhi na jioni." Uwatu tu! Uwatu hushusha sukari, na vidonge vyake hushusha. Wawili wanasukuma mkokoteni mmoja, tena mteremkoni.

Hiyo "tu" ndiyo ninayoiogopa. Urukususu tu, kumbe unapandisha presha. Vidonge vya kuongeza damu tu, na mtoto akividhania peremende vinaweza kumuua.

Nilipopita kwenye mabanda ya maonesho haya nimenunua chupa hii. Kijana aliyeniuzia kaapa haina kemikali. (Mwanangu, hata maji ni kemikali.) Eti inatibu presha, sukari, nguvu za kiume na mikosi. Haisemi ni mti gani, imechemshwa lini, nani asiinywe. Mjamzito akiniuliza, nimjibu nini? Sheria namba 23 ya mwaka 2002 ilituundia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo, jisajilini. Najua mnaogopa kuibiwa siri. Basi tajeni mti, namna ya kuuandaa bakini nayo.

Nanyi wananchi, mkienda kliniki fungeni kwenye kanga kila mnachokunywa, mizizi, unga, hata lile kopo la dawa lishe mliloletewa kutoka Dubai, mkakimwage mezani kwa daktari. Akifoka, mwambieni nimewatuma mimi. Na mganga naye aulize vidonge kabla hajapima kikombe.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonesho haya yamefunguliwa rasmi. Chupa yangu nairudisha bandani. Nitaipitia jioni, ikiwa imeandikwa.