Hotuba ya Mwenyekiti: Kisukari na Daftari Langu la Pili



Habari za hisa na mikopo Katibu amekwisha kuzisoma, sizirudii. Mimi nimeomba niseme juu ya ugonjwa wangu wa kisukari, kwa sababu katika miaka hii 10 niliwaficha miaka miwili, na kuficha huko nusura kuniue mbele yenu.

Kiu ilinianza wakati nauza mchele wa Kamsamba pale karibu na mpaka. Nilidhani ni vumbi la malori. Usiku naamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, nguo zinanipwaya, na watu wananisifu nimepungua. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula ikasoma 17. Nikaambiwa ikifika 7 tu hujala kitu, hicho tayari ni kisukari. Nikapewa vidonge vya aina mbili. Nikanyamaza, maana niliogopa mtasema Mwenyekiti ni mgonjwa, asipewe mkopo.

Mnaikumbuka siku ile kikaoni nilipotoka jasho na kuanza kuongea ovyo. Wengine mlisema nimelewa, wengine nimerogwa. Sikukasirika, hata mimi ningesema hivyo. Kumbe nilimeza vidonge alfajiri, nikavuka kwenda Nakonde kudai pesa yangu, mpaka saa nane mchana sijatia kitu mdomoni. Zahanati walipotoboa kidole ilikuwa 2.4, na chini ya 4 ni hatari.

Tangu hapo nina madaftari mawili, la kikundi na la sukari. Naandika tarehe, saa, nimekula nini, namba ngapi. Kliniki waliniwekea 4 mpaka 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Mwanzoni nilijidai najua kwa kujisikia. Wapi! Siku najiona mzima kabisa, kipimo kinasema 15. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba dona nalo linapandisha, kama bonge ni kubwa. Nikipunguza ugali nikaongeza maharage na mboga, namba inashuka. Siku moja nilimenya embe, nikajipima bila kunawa, ikaja 14. Nikanawa kwa sabuni, nikarudia: 8. Basi nawaambia, naweni kwanza, mkauke vidole.

Tatizo ni vile vijiti vya kupimia. Mashine unanunua mara moja, vijiti vinaisha kila mara, na ukiacha kopo wazi vinaharibika. Katiba yetu ilisema mfuko wa jamii ni kwa aliyelazwa au aliyefiwa. Mimi sikulazwa wala sikufa. Tulibishana vikao vitatu, na waliokataa walikuwa na hoja: ugonjwa wa kila siku utamaliza mfuko. Mwisho tukakubaliana kila mama aongeze shilingi 200 kila kikao, tukanunua mashine ya kikundi. Walipopimwa wote, wawili walikutwa na sukari ya juu. Tuliwapeleka hospitali, wakathibitishiwa kisukari. Mmoja alikuwa miongoni mwa waliobisha sana. Simtaji, anacheka pale nyuma.

Jambo moja mlishike. Mkiniona natetemeka na jasho, nipeni nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko vinne vya sukari kwenye maji. Ngojeni dakika 15, nipimeni tena, kisha nile chakula. Nikiwa sijitambui msinimiminie kitu mdomoni, nikimbizeni hospitali. Ndiyo maana soda mbili zinakaa karibu na sanduku la fedha. Waliokuwa wanazinywa kikao kikiwa kirefu wanajijua.

Ndugu Mgeni Rasmi, mashine iko meza ile ya kitambaa cha kijani, na muuguzi wetu yupo. Keki haitakatwa kabla ya kupima, na tungeomba wewe utangulie.