Joho Analo, Kalamu Hana: Wakili Lukwago na Jiji la Kampala

(Maneno niliyozungumza kwenye darasa la vijana wa chama, Jumamosi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Nimepangiwa mada ya wanasheria na siasa. Najua mnatarajia nianze kutaja wabunge. Leo sitawataja. Humu ndani kuna watu wameshaninong'oneza kwamba wanautaka udiwani, na hao ndio nasema nao. Nawaletea mtu wa halmashauri: Erias Lukwago wa Kampala.

Lukwago ni wakili. Alijijengea jina kwa kuwatetea wapinzani mahakamani, na kwa kusimama na wafanyabiashara wa masoko ya katikati ya jiji waliokuwa wanapinga masoko yao kuishia mikononi mwa matajiri. Mwaka 2006 akaingia bungeni, jimbo la Kampala ya Kati, kupitia chama cha DP. Mwaka 2011 akagombea umeya wa jiji, Lodi Meya wanavyomwita kule, akashinda vizuri tu.

Sasa sikilizeni. Kabla hajavaa joho, sheria ilikuwa imeshamsubiri mlangoni. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikasema Kampala itaendeshwa na Serikali Kuu. Mwaka 2010 Bunge likatunga sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA. Meya akabaki kiongozi wa kisiasa: wakati ule alikuwa anaongoza vikao, anapokea wageni, anavaa mkufu. Afisa masuuli, yule anayeidhinisha fedha zitoke, ni mkurugenzi mtendaji, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Juu yao kuna waziri wa Kampala. Kwa hiyo watu walipanga foleni kumchagua mtu ambaye hana saini kwenye hundi hata moja. Mnanielewa?

Miaka yake ya kwanza ikaisha kwa kuvutana na mkurugenzi Jennifer Musisi. Tuwe wakweli, wapo wakazi wa Kampala, tena si wa chama tawala, waliosema Musisi anachonga barabara na meya anachonga maneno. Mimi naona lawama hiyo ina chembe ya haki. Lakini kwani barabara ungeijenga kwa nini, kama bajeti hushiki?

Halafu ikaja 2013. Madiwani wakapeleka malalamiko, ikaundwa kamati ya uchunguzi chini ya jaji, nayo ikasema zipo sababu za kumwondoa. Tarehe 25 Novemba kikao kikaitwa, waziri ndiye akakaa kiti. Asubuhi hiyohiyo mawakili wa Lukwago walikuwa Mahakama Kuu, wakapata amri ya kusimamisha zoezi. Wanafunzi wenzangu wa sheria, hapa ndipo vitabu vyetu vinapoishia: amri imetoka, mchezo umekwisha. Wapi! Wakili aliyekuwa anaipeleka amri akapigwa. Kikao kikaendelea, kura ikapigwa, meya akaondolewa.

Machi 2014 Mahakama Kuu ikaamua arudi ofisini. Akaenda, akakuta polisi mlangoni. Muda si muda jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani akausimamisha uamuzi ule. Yaani mtu ana karatasi ya mahakama mkononi na hawezi kukalia kiti chake mwenyewe. (Wa Dar mnakumbuka Januari 2020, Meya Isaya Mwita alipoondolewa huku watu wakibishana kama akidi imetimia. Sinema haikuwa ngeni kwetu.)

Waliomrudisha ni wapiga kura, mwaka 2016, na tena 2021. Wapo wanaoishia hapo na kupiga makofi. Mimi nawaomba twende hadi Agosti 2024, jalala la Kiteezi lilipoporomoka na kufukia nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Lukwago alikuwa meya. Mji ule ulikuwa na meya aliyechaguliwa mara tatu, lakini mwezi uliofuata aliyemfukuza mkurugenzi mtendaji alikuwa Rais. Mama aliyefukiwa mtoto wake pale, diwani wake angemwajibisha nani? Hilo swali linanikosesha usingizi kuliko la nani alishinda kesi gani.

Na sisi je? Mkurugenzi wa halmashauri yako anateuliwa na Rais. Ndiye afisa masuuli. Kwa miaka mingi ndiye pia amesimamia uchaguzi unaokuweka wewe udiwani. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo ni kinyume cha Katiba, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Tulishinda miezi mitano.

Kwa hiyo wewe unayetaka udiwani, kabla ya kuchapisha fulana, kaa na sheria ya serikali za mitaa. Jua kamati ya fedha inakutana lini, na taarifa gani lazima iletwe mezani kwenu. Jifunze kusoma ripoti ya CAG ya halmashauri yako, kwa sababu hapo mkurugenzi anajibu hoja, apende asipende. Diwani asiyesoma makabrasha anageuzwa muhuri. Hapo Lukwago namvulia kofia: aliisoma sheria iliyomfunga mikono kuliko walioitunga, na kila walipoikosea aliwapeleka mahakamani.

Kuna aliyeniuliza nje kama basi haina maana kugombea. Ina maana. Ila mwenye kiti bila kalamu anahitaji watu nje ya ukumbi, na Lukwago alirudi kwa sababu wale wa masokoni hawakumsahau. Wewe wa kwako ni akina nani, na mara ya mwisho mlikaa pamoja lini? Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Nakala za sheria ziko pale kwa katibu, ni chache, mtasoma wawili wawili.