Dizeli Ikizima Ghafla, Anzia Kwenye Umeme

Mazungumzo ya fundi katika mkutano wa Jumamosi wa wageni wapya, Des Moines, Iowa

Nimeombwa kuongea juu ya magari kwa sababu wengi wenu mmenunua pikapu kuukuu za dizeli kwa kazi ya kukata majani, kuhamisha samani au kubeba vyuma chakavu. Mtu anatoa akiba yake yote, anaanza kupata wateja, halafu asubuhi moja gari linazima katikati ya I-80 bila kutoa hata moshi. Wiki haijaisha, ameshabadilisha alternata, pampu ya mafuta na sensa mbili, na gari bado linazima. Kodi ya nyumba imeishia huko.

Sisi tuliotoka Kigoma, Uvira au Bujumbura tulizoea dizeli za aina nyingine. Land Cruiser na Isuzu za zamani zina pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe. Zikishawaka, umeme zinaouhitaji ni kidogo sana. Ndiyo maana dereva wa kule aliweza kusukumwa, gari likashika, akaenda safari nzima na betri iliyokufa. Tumekuja na wazo hilo: dizeli ikizima, angalia mafuta.

Kwa gari la hapa, wazo hilo litakula pesa zako. Chukua pikapu ambayo nimeiona kwa wengi wenu, Ford yenye injini ya Power Stroke ya lita 7.3, iliyouzwa kuanzia 1994 hadi 2003. Injekta zake husukumwa na oili ya injini yenye shinikizo kubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua zifunguke lini. Kompyuta ikikosa umeme, au isipojua injini imefika wapi katika mzunguko wake, haifungui injekta hata moja. Tangi linaweza kuwa limejaa pomoni.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu, swali langu la kwanza ni: lilizima vipi? Kama lilipoteza nguvu kidogo kidogo kwa siku kadhaa, anzia kwenye kichujio cha mafuta. Kama lilizima kama vile mtu amegeuza ufunguo, anzia kwenye umeme.

Ukiwa barabarani, usukani utakuwa mzito ghafla na breki zitakuwa ngumu. Sogea pembeni, washa taa za dharura, watoto wateremke upande usiopita magari na wakae mbali. Hayo mengine yanasubiri.

Sasa angalia dashibodi. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa yenye maandishi WAIT TO START inapaswa kuwaka, hata kama ni kwa muda mfupi. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kompyuta haina umeme. Nenda kwenye fyuzi. Katika injini hii kuna kipashio kidogo ndani ya chombo cha kichujio cha mafuta, na kikipiga shoti huunguza fyuzi inayolisha kompyuta. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili idumu. Utachoma waya.

Kama taa inawaka, piga stata huku unatazama mshale wa mizunguko ya injini. Unapaswa kuinuka kidogo. Stata ikizungusha injini vizuri na mshale ukalala kwenye sifuri, mshukiwa mkubwa ni sensa ya kamshafti au waya wake. Iko mbele ya injini, karibu na puli kubwa ya chini. Ina tabia ya kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana gari linawaka vizuri kabisa mbele ya fundi na kuzima tena ukifika barabara kuu. Mwaka 2007 Ford walitangaza kubadilisha sensa hiyo bure kwa magari mengi ya injini hii. Mpigie muuzaji rasmi wa Ford, msomee namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, muulize kama gari lako limo na kama kazi hiyo ilishafanyika.

Kabla ya kununua sensa yoyote, pima betri. Mita ya umeme ya dola 20 inatosha. Gari hili lina betri mbili zilizounganishwa pamoja, na moja ikiharibika inaivuta nzima chini. Zitenganishe, kila moja ipimwe peke yake. Iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwaka, utaona kati ya 13.8 na 14.5, ndiyo alama kwamba alternata inafanya kazi. Umeme ukiwa mdogo, kompyuta na sensa husema uongo, na utabadilisha vitu vizima.

Hapa Iowa kuna adui mwingine ambaye kwetu hakuwepo: chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Inakula nyaya za eathi, zile zinazotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye injini na bodi. Kwa macho waya unaonekana mzima, lakini ndani umegeuka unga wa kijani. Mtu mmoja apige stata. Wewe weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Ikizidi nusu volti, waya huo haufai, au maungio yake yana kutu. Fungua, piga brashi ya chuma, kaza. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa na taa zinazocheza, mishale inayoruka na gari linalozima kila mvua ikinyesha. Alishalipia alternata mbili. Ugonjwa ulikuwa boliti moja ya eathi iliyolegea.

Maduka mengi ya vipuri husoma kodi za kompyuta bure. Zisomeshe, uziandike. Lakini kodi hutaja njia ya umeme yenye tatizo: sensa, plagi yake, na waya wote mpaka kwenye kompyuta. P0340, kwa mfano, ni njia ya sensa ya kamshafti. Kijana wa kaunta atakuuzia sensa kwa sababu ndiyo anayouza. Kwanza chomoa plagi, angalia kama pini zimepinda, zimeota kutu au zimelowa oili. Sensa ya shinikizo la oili huvujisha oili hadi ndani ya plagi. Ukiichomoa na gari likatulia, umempata mwizi, kwa sababu kompyuta sasa inatumia kipimo chake cha akiba.

Nyaya zinazoingia kwenye vifuniko vya vali msizishike injini ikiwaka. Zinabeba zaidi ya volti 100 kwenda kwenye injekta. Hata mimi sizichezei.

Ukilazimika kwenda gereji, nenda na karatasi: lilizima saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua ilikuwepo, taa ya kusubiri iliwaka, mshale ulifanya nini, kodi zipi zilitoka. Kama Kiingereza bado kinakusumbua, leta karatasi hiyo hapa ofisini siku moja kabla, tutakuandikia. Mwombe fundi makadirio kwa maandishi kabla hajafungua kitu, na umwambie mapema kwamba vipuri vya zamani unavitaka mkononi.

Mita yangu iko hapa mezani, na nje kuna pikapu mbili zinazosumbua. Twende tukazipime.