MASHINE HUCHAGULIWA KWA KAZI YAKE

Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu



Katibu ameshasoma risala na Mweka Hazina ameshasoma mahesabu, kwa hiyo sitarudia. Elimu yangu ni ya darasa la saba, sina maneno makubwa. Nimeombwa nizungumzie mradi wetu wa kukodisha mashine za kazi ya mawe, vigae na zege. Mwezi ujao tutafungua sanduku tununue mashine nyingine, na sitaki turudie kosa letu la kwanza.

Wenye kumbukumbu wanajua tulikotoka. Tulianza wanawake 15, wengi wetu tukigonga kokoto kwa nyundo ya mkono, vidole vimefungwa vipande vya mpira wa baiskeli. Hisa ilikuwa shilingi 1,000 kwa wiki. Sanduku moja, kufuli tatu, wenye funguo watatu. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa Dodoma, ujenzi uliongezeka kila upande. Mafundi wakawa wanatafuta mashine za kukodi. Sisi tukasema, mbona hii ni kazi tunayoijua? Mawe ni yetu.

Basi mwaka 2019 tukatoa shilingi 180,000. Tulitumwa wawili dukani, mimi nikiwa mmojawapo. Jamani, nitasema ukweli wangu mbele ya mgeni rasmi: swali nililouliza lilikuwa moja tu, bei. Tukarudi na grainda ndogo ya inchi 4 na nusu na chenji mkononi, tumefurahi kama tumeokota. Fundi wa kwanza akaikodi kukata sakafu ya zege. Siku ya tatu ikatoa moshi, ikanyamaza.

Mkutano wa wiki ile sitausahau. Mama mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, ndani ya ile mashine kuna ada ya mwanangu. Naomba hisa zangu, nitoke." Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, nikamwonyesha. Akaifungua, akanusa, akaniambia, "Mama, duka halikuwaibia. Mmeipa punda mdogo mzigo wa lori." Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwetu sisi urahisi ulivunja upishi, na kutouliza kukaungua na sufuria.

Yule mama hakutoka, tunamshukuru, na leo ndiye mtunza mashine wetu. Niliyojifunza tangu siku ile ni haya.

Kwanza, uliza kazi kabla ya kuuliza bei. Grainda ya inchi 4 na nusu huwa na nguvu ya wati 700 hadi 1,000 hivi. Inafaa kupunguza kigae, kukata pembe, kufungua mfereji mdogo wa waya ukutani. Kina chake ni sentimita 3 tu. Grainda ya inchi 9 ina wati 2,000 na zaidi, inazama kama sentimita 6. Hiyo ndiyo ya zege na mawe. Lakini ni nzito na ina nguvu ya kumrusha mtu, haipewi kijana wa kujifunza. Na hata kubwa hailazimishwi. Fundi aende kidogo kidogo, aiache ipumue, na akate mstari ulionyooka. Akiipindisha ndani ya mkato, diski inabana na mashine inamrukia.

Kwa vigae, si kila kazi inataka grainda. Vigae vya kawaida vya ukutani, mkato ulionyooka, vinatosha kikatio cha mkono, kile cha kukwaruza halafu unavunja. Hakili umeme wala hakitoi vumbi. Vile vigumu vya porseleni, na vikiwa vingi, vinataka mashine ya meza yenye maji. Kigae kinatoka na ukingo safi, mwenye nyumba halalamiki.

Pili, diski. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Diski za almasi ni za aina tatu. Yenye ukingo mzima usio na mapengo ni ya vigae, haibandui kigae. Yenye mapengo ni ya zege na matofali, yale mapengo yanapitisha hewa na kutoa unga. Ya mawimbi mawimbi iko katikati, inakata haraka kuliko ya ukingo mzima lakini si laini kama hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo mwanzoni nililikataa kabisa. Fundi aliniambia jiwe gumu linataka diski yenye chuma laini, na kitu laini chenye mchanga kinataka diski yenye chuma kigumu. Nikasema huyu ananichezea. Akaniuliza, "Bibi yako alifanya nini jiwe lake la kusagia likiwa laini?" Nikakumbuka. Alikuwa analigongagonga kwa jiwe jingine ili lipate meno upya. Basi na diski ni hivyo. Almasi ni vipunje vilivyoshikwa ndani ya chuma. Vya juu vikichakaa, chuma lazima kilike ili vingine vichomoze. Itale, haya mawe magumu ya vilima vyetu, hayali chuma kwa urahisi. Ukiweka chuma kigumu, diski inang'aa, inachemka na haikati. Kwenye tofali la mchanga ni kinyume chake, chuma laini kinaisha siku moja. Na diski ikishang'aa msiitupe. Ikate tofali la mchanga mara chache, itapata meno kama jiwe la bibi.

Tena msome maandishi ya diski. Grainda ndogo inazunguka mara 11,000 au zaidi kwa dakika, ile kubwa kama mara 6,500. Mwendo ulioandikwa kwenye diski usiwe chini ya ule wa mashine. Msifunge diski kubwa kwenye mashine ndogo kwa kutoa kava. Kava ndilo linalokinga uso. Msifunge meno ya msumeno wa mbao kwenye grainda hata kama tundu linaingia. Diski zile za kawaida zisizo za almasi zina tarehe ya mwisho kwenye kile kipete cha chuma cha katikati. Tunaangalia tarehe ya maziwa ya pakiti, kwa nini tusiangalie ya diski inayoweza kupasuka usoni kwa mtoto wa mtu?

Tatu, drili. Ile ya kawaida yenye kugonga inatosha tofali na plasta. Ukiipeleka kwenye zege, utaisukuma mpaka kifua kiume, tundu halijafika. Zege linataka drili ya nyundo, ile ambayo biti yake inaingia kwa kusukuma na kujifunga yenyewe, imeandikwa SDS. SDS-Plus ni ya matundu ya kawaida, mpaka milimita 26 hivi. SDS-Max ni kubwa, ya matundu mapana na kuvunja. Biti za hiyo haziingii kwenye hii, kwa hiyo tununuapo biti tuende na mashine yetu. Na kwenye kigae, zima kabisa ile nyundo. Toboa taratibu, porseleni kwa biti ya almasi na maji. Kigae kikishapita, ndipo uwashe nyundo kwa zege la nyuma.

Nne, umeme. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ukiitia kwenye waya mwembamba wa redio, mrefu mpaka kwa jirani, umeme unafika umechoka, mashine inachemka na kuungua. Waya wa kurefusha uwe mnene, kwa mashine kubwa tutumie wa 2.5, na usiachwe umeviringishwa. Jenereta iwe na nguvu kupita ya mashine, maana mashine inapoanza inavuta zaidi. Na penye maji pawe na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja, iliyoandikwa 30 mA. Kubadili diski, chomoa plagi kwanza. Dukani muulize pia kama kaboni zake zinapatikana hapa mjini. Mashine ambayo kaboni zake hazipatikani, nunua ukijua unanunua pambo.

Tano ni vumbi, na hili nalisema kama mke wa mtu.

Mume wangu alichonga na kukata mawe zaidi ya miaka 20. Akirudi jioni nilikuwa nakung'uta shati lake uani, na watoto wanacheka kwamba baba ni mweupe. Kikohozi kilipoanza tukasema ni baridi. Kikaendelea. Akapimwa kifua kikuu, hakina. Baadaye daktari akatuambia ni vumbi la mawe limekaa mapafuni, silikosisi, na kovu lile haliondoki. Leo akitoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika. Yupo nyumbani sasa hivi, angependa kuwa hapa.

Vumbi hilo linaitwa silika. Limo kwenye itale, kwenye mchanga, kwenye zege na kwenye vigae. Lile la hatari hulioni kwa macho. Mwenye ugonjwa huo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani. Kitambaa cha kanga puani hakilizuii. Kinachosaidia kwanza ni maji, kukata kwa mashine iliyotengenezwa kutumia maji. Pili ni barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, iliyobana uso. Na tusifagie unga mkavu; tumwagie maji ndipo tuzoe.

Najua kuna manung'uniko. Mwezi uliopita nilimnyima fundi mashine kwa sababu alikataa barakoa. Akaenda kukodi kwingine. Shilingi 10,000 tumezikosa, na wapo waliosema Mwenyekiti anafukuza wateja. Wanachama wenzangu, hizo 10,000 nazijua uzito wake, nimezigonga kwa nyundo. Lakini fundi yule ana mke, na kesho mke yule anaweza kuja kwenye kikundi hiki kukopa fedha za dawa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili mkutano ujao. La kwanza, tununue mashine mbili tu, drili ya SDS-Plus na mashine ya vigae ya maji, zilizo imara, badala ya nne za bei ya chini. La pili, barakoa na miwani viende pamoja na kila mashine, gharama iwe ndani ya kodi, na asiyekubali asipewe. Mkikataa nitatii, kikundi ni cha wote. Lakini nitakuwa nimesema.

Ile grainda iliyoungua bado ipo, juu ya kabati la mtunza mashine. Hatuitengenezi wala hatuiuzi. Mwanachama mpya akija, tunamwonyesha.

Umoja wetu udumu.